Betri ya Jenereta: Vipimo Vitangulie Bei

Wakazi wa Kampala hawajasahau mwaka 2006, maji ya Ziwa Victoria yalipopungua na mgawo wa umeme ukatawala maisha ya mji. Wakati huo jenereta ndogo zilienea madukani na majumbani. Bwawa la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, liliongeza umeme, lakini jenereta nyingi zimebaki zikingojea siku ya giza. Siku hiyo ifikapo, kitufe hubonyezwa na mtambo ukalia "tik" tu. Hapo mwenye nyumba hukimbilia mtaa wa Kisekka kununua betri yoyote iliyo rahisi.

Haraka hiyo yafaa izuiwe. Jenereta ikiwaka kwa kamba lakini isiwake kwa kitufe, injini yaelekea ni nzima. Kasoro itafutwe katika betri, nyaya au stata. Kwanza vichwa vya betri visafishwe kutu na vikazwe. Kisha fundi apime kwa mita. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi, ikiwa chini ya 12, ni tupu. Ikichajiwa ikajaa, kisha ikaporomoka chini ya volti 9.6 stata inapozunguka, imechoka. Mwisho, injini iwashwe kwa kamba na betri ipimwe tena. Volti zisipopanda hata kidogo, mfumo wa kuchaji una hitilafu, na betri mpya nayo itakufa.

Dukani, mambo haya yatazamwe:

1. Volti ziwe sawasawa na za betri ya zamani.

2. Ampea-saa zisipungue zile zilizotajwa katika kitabu cha jenereta.

3. Umbo lienee mahali pake, na vichwa vya chanya na hasi viwe upande ule ule.

4. Iwe betri ya kuwashia injini. Ile ya kuhifadhia umeme wa kompyuta yaweza kufanana nayo kwa umbo na ampea-saa, lakini haikuundwa kutoa mkondo mkubwa kwa ghafla.

5. Tarehe ya kutengenezwa isiwe ya zamani, kwani betri huzeeka hata ikiwa rafuni.

Wakati wa kufungua, waya wa hasi utangulie kutoka. Wakati wa kufunga, uwe wa mwisho. Betri yenye vizibo iongezwe maji yaliyosafishwa, si ya bomba. Stata isibonyezwe zaidi ya sekunde 5 mfululizo. Jenereta iwashwe angalau mara moja kwa mwezi, nje ya nyumba daima, kwa sababu moshi wake huua bila kelele.

Jambo kubwa kuliko yote ni betri kuukuu. Ndani yake mna tindikali inayounguza ngozi na macho, pamoja na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto polepole, bila mzazi kutambua mapema. Isiachwe uani watoto wakaichezea, wala isivunjwe na kuyeyushwa karibu na jiko. Irudishwe kwa muuzaji anayepokea betri zilizokufa. Huenda hata akapunguza bei ya ile mpya.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Anayepima kabla ya kulipa hununua mara moja.