Je, Wajua? Moshi wa dhahabu humdhuru zaidi mtoto

Shelui, wilayani Iramba, ipo chini ya mlima Sekenke, ambako dhahabu ilichimbwa tangu enzi ya Wajerumani.

Siku hizi wachimbaji wadogo wengi hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Kazi hiyo isifanywe jikoni kamwe! Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Huganda ukutani na kwenye nguo, kisha huendelea kutoka polepole, hata siku ambayo hakuna anayechoma.

Mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima kwa kulinganisha na uzito wake, na ubongo wake bado unajengeka. Zebaki hudhuru ubongo, figo na mapafu. Humfikia hata aliye tumboni mwa mama. Kutetemeka mikono, ulimi mzito na kuchelewa kujifunza huweza kuwa dalili zake. Mama akimpeleka mtoto zahanati, amweleze mhudumu kwamba nyumbani huchomwa dhahabu. Bila neno hilo, ni rahisi chanzo kikose kufikiriwa.

Kigida, chombo cha chuma kilichofungwa, hunasa mvuke huo na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena. Hata hivyo kitumike mbali na makazi, na nguo za kazi zisiingie ndani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imekataza kumfanyisha mtoto kazi za machimboni.