Siku Shangazi Alipoisahau Pilau

Shangazi yangu hakuwahi kupima viungo vya pilau. Kiganja chake ndicho kilikuwa mizani: bizari, iliki, mdalasini, karafuu, kila kimoja kwa zamu yake. Jumapili moja nilimkuta jikoni, vitunguu vinaungua sufuriani, karafuu ziko mkononi. Alinitazama, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi mwanangu, baada ya kitunguu huwa naweka nini?"

Nyumbani tulisema ni uzee. Jirani akasema karogwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba zaidi ya miaka kumi nyuma aliambiwa ana presha. Tulipopanga kabati lake tukakuta vidonge vya presha, paketi nyingine hazijaguswa. Alikuwa akimeza kichwa kikimuuma, kikitulia, anaacha. Na presha kwa kawaida haiumi.

Daktari alitueleza jambo ambalo natamani tungelijua mapema. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban moja ya tano ya oksijeni inayobebwa na damu. Damu hiyo husukumwa na moyo, ikapita katika mishipa mingine myembamba kuliko unywele. Presha ikikaa juu mwaka hadi mwaka, kuta za mishipa hiyo hukakamaa, njia hubana, na sehemu ndogondogo za ubongo hufa kwa kukosa damu. Hiki si kile kiharusi cha kupinda mdomo ambacho mtaa mzima hukiona. Hivi ni viharusi vya kimyakimya, na kila kimoja huweza kuondoka na chake: jina la mjukuu, njia ya sokoni, hatua moja ya pilau. Sukari, lehemu na sigara huharibu mishipa ile ile. Moyo unaodunda bila mpangilio nao huweza kugandisha damu, donge likapanda hadi kichwani.

Ugonjwa wa kusahau una aina nyingi, na Alzheimer ndiyo inayoongoza. Lakini mara nyingi aina mbili hukutana katika kichwa cha mzee mmoja, na ubongo wenye mishipa iliyochoka hulemewa mapema.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta karibu wazee saba kati ya kumi, wa miaka 70 na zaidi, wana presha ya juu. Utafiti mwingine wa huko huko ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya wazee wa rika hilo wana ugonjwa wa kusahau. Sisemi kila mwenye presha atasahau. Nasema mzigo huu umo vijijini kwetu, na tunauita uzee.

Nchini Marekani, watu zaidi ya 9,000 wenye presha waligawanywa makundi mawili: wengine namba ya juu ya presha ishushwe chini ya 120, wengine chini ya 140. Matokeo ya 2019 yalionyesha kundi la kwanza lilipata kwa uchache zaidi ule upungufu wa kumbukumbu unaotangulia ugonjwa wenyewe. Kwa ugonjwa wenyewe, tofauti haikutosha kuthibitisha. Kwangu mimi, hilo la kwanza linatosha kumfanya mtu wa miaka 45 asiruke kidonge. Kudhibiti presha katika umri huo wa kati ndiko kunakoonekana kuwa na faida kubwa. Mzee sana akishushwa presha kupita kiasi huweza kupata kizunguzungu na kuanguka, kwa hiyo dozi apange daktari, si sisi watoto.

Ukienda kumsalimia mama au baba wiki hii, mwombe daftari lake la kliniki. Angalia tarehe ya mwisho aliyopimwa presha. Kama imepita miezi, msindikize zahanati kesho yake asubuhi, na wewe mwenyewe unyooshe mkono upimwe.