Kabla hujavalisha Prado rimu za inchi 20

Picha ilikuwa kali. Prado nyeupe, vioo vya giza, rimu nyeusi za inchi 20, imeegeshwa kando ya Thika Road jua likizama. Rafiki yangu aliipakia Instagram Ijumaa jioni, na kufikia asubuhi wasee walikuwa wamejaa kwa komenti wakiuliza rimu amezitoa wapi. Wiki moja baadaye gari lile lile lilikuwa limeinamia upande mmoja kati ya South Horr na Ziwa Turkana, tairi la pili likiwa limechanika ubavuni, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kupiga picha.

Tulikuwa wanne, tukielekea Loiyangalani. Ni lami safi kutoka Nairobi kupitia Isiolo hadi Laisamis, kisha unakata kushoto na kufuata barabara ya changarawe iliyotengenezwa upya wakati wa ujenzi wa ile mitambo 365 ya umeme wa upepo karibu na ziwa. Tairi la kwanza lilichanwa na jiwe kabla ya South Horr. Si shida, tukasema, spea ipo. Spea ilikuwa rimu ya kiwandani ya inchi 17, na hapo ndipo tuligundua jambo ambalo muuza rimu hakututajia. Rimu nyingi za kiwandani za Toyota hufungwa kwa nati zenye washa bapa. Zile za kununua dukani mara nyingi hutumia nati zenye ncha ya koni. Nati za zamani zilikuwa zimebaki Nairobi, ndani ya boksi, pamoja na rimu za zamani. Tulikaza hizi za koni tulivyoweza, tukatambaa, tukawa tunashuka kukaza tena kila baada ya kilomita chache. Usijaribu hivyo. Gurudumu lingeweza kuchomoka.

Tairi la pili lilipokwenda, tulilala ndani ya gari, upepo ukilitikisa usiku kucha. Alfajiri dereva wa lori la mbuzi alitupata. Alizunguka gari mara moja, akainama, akabonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Vijana, haya ni matairi ya mjini."

"Lakini mzee, ni mapya kabisa," rafiki yangu akajitetea.

"Mapya, sawa. Mpira uko wapi?"

Swali hilo lina jibu, na limeandikwa kwenye ubavu wa kila tairi. Chukua saizi ambayo Prado nyingi za kizazi cha 150 huja nayo: 265/65R17. Nambari 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 65 si milimita, ni asilimia: urefu wa ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya ule upana. Piga hesabu utapata takriban milimita 172. R inasema nyuzi za ndani zimelazwa kwa mtindo wa radiali, kama karibu matairi yote ya kisasa, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Sasa tairi la rafiki yangu lilikuwa 265/50R20. Ubavu wake ni milimita 132 hivi. Lakini ukijumlisha rimu na mpira wa juu na chini, tairi la inchi 17 lina kipenyo cha milimita 776 na lile la inchi 20 lina milimita 773. Yaani gari halikuinuka hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba chuma kilikula nafasi ya mpira, karibu sentimita nne kila upande. Watu wengi hudhani rimu kubwa huinua gari. Kinachoinua gari ni kipenyo cha tairi zima, na rimu inaweza kupanda hadi 20 huku kipenyo hicho kikibaki pale pale.

Na zile sentimita nne zina kazi. Ubavu mrefu hujikunja tairi linapopanda jiwe, halafu hurudi. Ubavu mfupi ukigonga jiwe au shimo hauna pa kwenda, hubanwa kati ya jiwe na ukingo wa rimu, na hapo ama mpira unakatika ama rimu inapinda. Ubavu mrefu pia ndio unaokuruhusu kupunguza upepo ukifika kwenye mchanga, jambo nitakalolirudia.

Kama unadhani haya ni maneno ya wazee wa lori, tazama Safari Rally pale Naivasha. Magari ya mashindano ya dunia yanapokimbia kwenye lami huvaa rimu za inchi 18. Yakija kwenye vumbi na mawe, kama hapa kwetu, hushuka hadi inchi 15. Hawa ni watu wenye pesa ya kununua rimu yoyote duniani, na kwenye mawe wanachagua ndogo.

Lakini hata kushuka kuna mpaka. Rimu lazima ipite juu ya diski na kalipa za breki, kwa hivyo usinunue rimu ndogo kuliko ile ya kiwandani kabla fundi hajaijaribu kwenye gurudumu la mbele. Kanuni yangu ni rahisi: fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kilicho kwenye nguzo, na kama gari lako linakubali saizi mbili au tatu, chukua yenye rimu ndogo. Kwa Prado hiyo, kati ya 17 na 18 ningechukua 17 bila kufikiria mara mbili. Kuna sababu nyingine ya kimaisha. Kule kaskazini Land Cruiser nyingi za mashirika na za watalii huvaa rimu za inchi 16, na za 17 si ngeni. Tulipopiga simu Marsabit na Isiolo kuuliza tairi la inchi 20 la upana wetu, mmoja alicheka. Matairi mawili yalitoka Nairobi kwa basi, yakashushwa Laisamis, na yakatugharimu siku mbili na pesa ambayo mmoja wetu alikuwa ameitenga ya kodi ya nyumba.

Basi tuseme umekubali rimu ya 17, lakini bado unataka gari liinuke. Hapo unaongeza kipenyo cha tairi. Hatua ya kwanza kwa Prado ni 265/70R17, yenye kipenyo cha karibu milimita 803. Umeongeza milimita 27, lakini gari litainuka nusu yake tu, 13 hivi, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Saizi hii kwa kawaida huingia bila kukata kitu, ingawa zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili uone kama inagusa.

Hatua inayofuata, ile inayopendwa sana kwenye picha, ni 285/70R17. Hiyo ina milimita 831 na upana wa ziada. Gari linainuka milimita 27. Vizuri, lakini sasa tairi litaanza kukwaruza plastiki ya ndani ya madigadi, utahitaji springi za kuinua gari, na pengine kukata mahali. Tena kipenyo kimepanda kwa asilimia 7, na gari lenyewe halijui. Mshale ukisoma 80, wewe uko kwenye 86. Ukipita kwenye kituo cha biashara ukiamini uko kwenye 50 halali, uko karibu na 54, na polisi mwenye kifaa cha spidi hatajali umebadilisha matairi. Injini nayo inasukuma gurudumu kubwa na zito zaidi kwa gia zile zile, kwa hivyo gari huwa zito kuondoka, hunywa zaidi, na breki hupata kazi ya ziada.

Kwa Jimny mzigo huo unasikika haraka. Ile mpya ya umbo la boksi huja na 195/80R15, na injini yake ni ya lita 1.5. Ukiweka 215/75R15 kipenyo hupanda kwa milimita 10 tu na tairi linajaza nafasi vizuri. Ukirukia 235/75R15 umeongeza milimita 40, na mlima wa kutoka Mai Mahiu utakueleza vizuri kuliko mimi.

Wenye Forester, tafadhali, jambo moja kabla ya mengine yote: matairi yote manne yawe ya saizi moja, aina moja, na yawe yamelika kwa kiasi kinachokaribiana. Gari hilo husukuma magurudumu yote wakati wote. Tairi jipya moja likikaa na matatu yaliyokwisha, lina mzunguko mkubwa kuliko wenzake, na mtambo wa katikati unaogawa nguvu hufanya kazi bila kupumzika hadi uungue. Najua kununua manne kwa mpigo ni noma. Gia boksi ni noma zaidi.

Ukienda kununua rimu Kirinyaga Road au Industrial Area, usiulize tu "hii ni inchi ngapi?" Uliza bolti ni ngapi na duara lake lina kipenyo gani. Prado ina bolti sita kwenye duara la milimita 139.7. Jimny ina tano kwenye duara hilo hilo. Forester nayo ina tano, lakini zile za hadi 2018 ziko kwenye duara la 100, kwa hivyo "zote ni za bolti tano" ni maneno ya muuzaji. Uliza pia tundu la katikati lina upana gani, maana ndilo linaloikalisha rimu sawasawa kwenye habu.

Halafu kuna ofseti, nambari ambayo mara nyingi huchongwa nyuma ya rimu ikitanguliwa na ET. Inakuambia uso unaogusa habu uko umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Kadiri nambari inavyoshuka, ndivyo tairi linavyotokeza nje. Kutokeza kidogo kunapendeza, sibishi. Kukizidi, beringi huteseka, usukani hupigana nawe kwenye mashimo, na matope yote hurukia milango. Na kabla ya kulipa, hakikisha nati zinazofaa rimu hiyo zimo, na uondoke na zile za zamani pia, ukazibebe pamoja na spea.

Aina ya meno ya tairi ni mjadala unaoweza kuharibu urafiki, kwa hivyo nitasema langu tu. Wengi wetu tunaendesha Waiyaki Way siku tano na vumbi siku mbili, tena si kila wiki. Meno makubwa ya matope, yale ya M/T, hunguruma kwenye lami hadi usisikie redio, na mvua ikinyesha hayashiki lami vizuri. Tairi la A/T linatosha. Tofauti kubwa huja kwenye ule udongo mweusi wa kunata, kama wa Mara msimu wa mvua. Hapo meno madogo hujaa udongo kwa dakika moja na tairi linakuwa laini kama andazi. M/T hujisafisha likizunguka. Tairi jembamba pia husaidia, kwa kuwa hukata tope na kutafuta sehemu ngumu chini, wakati pana huelea na kuteleza.

Mchanga ni kinyume chake. Ukivuka Chalbi unataka tairi liwe na uso mkubwa, na njia ya kuupata ni kutoa upepo. Kama unatembea na presha ya 32, kushuka hadi 18 hurefusha sehemu inayogusa chini na gari huacha kujichimbia. Endesha polepole, usikate kona kwa ghafla, na ubebe kompresa ya kurudisha upepo kabla ya barabara ngumu. Kwa rimu ya 20 huna ubavu wa kutosha kufanya hivi kwa usalama. Kwenye mawe makali usishushe kiasi hicho hata kwa rimu ya 17, kwa sababu ubavu utafura nje na kujianika kwa jiwe. Ubavu mrefu si chuma.

Mambo mawili ya mwisho ya kusoma kwenye tairi. Baada ya saizi kuna nambari ya mzigo, kwa mfano 112, inayomaanisha tairi hilo linabeba kilo 1,120. Usishuke chini ya ile ya kiwandani, hasa mkiwa watu watano na mizigo juu. Kisha tafuta tarakimu nne zilizofungiwa karibu na neno DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi linaweza kuwa na meno kamili, limesuguliwa likang'aa, na bado liwe limezeeka kwenye rafu.

Rafiki yangu alirudi kwa muuzaji wiki ile ile. Rimu zake za 17 zilikuwa bado kwenye kona, zimefunikwa vumbi, na nati zote 24 ndani ya boksi. Amezivalisha 265/70R17 za A/T. Zile za 20 amezitangaza mtandaoni, picha ni ile ile ya Thika Road. Juzi kijana mmoja wa Rongai alimpigia akiuliza kama zitaingia kwenye Forester yake.

"Hesabu bolti zako kwanza, bro," akamwambia.