Ridhaa Peke Yake Haitoshi: Utafiti wa Afya na Hadhi ya Binadamu

Mtafiti anapoomba damu ya mtoto wetu, tunamkabidhi amana kubwa. Ni nani anayeilinda?

Nchini Tanzania, utafiti wa afya kwa binadamu hauna budi kupata kwanza kibali cha kamati ya maadili. Kitaifa, jukumu hilo limo mikononi mwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Huko Mwanza, Hospitali ya Bugando na Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi wana kamati yao ya pamoja.

Hata hivyo, kamati hupata nguvu kutokana na wajumbe waliofundwa, wenye ujasiri wa kukataa utafiti usiofaa hata ukiwa na fedha nyingi. Yahitaji pia mtu asiye mtaalamu, atakayeuliza iwapo mama wa kijijini ataielewa fomu anayotia saini.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (Na. 2295) yafundisha kwamba ridhaa ya mhusika haihalalishi tendo linalokiuka hadhi ya binadamu.

Basi tuulize kabla ya kukubali. Tuna haki ya kuelezwa kwa lugha tunayoielewa, kukataa, na kujitoa bila kunyimwa matibabu.