Nusu Shilingi kwa Saa: Mgomo wa Makuli wa London

Chama cha wafanya kazi hakikupatikana kwa siku moja katika nchi yo yote. Hata Uingereza, ambako vyama hivi viliota mizizi mapema, ilipita karibu miaka mia kabla mtu wa kazi ya mikono, asiye na ufundi, hajaweza kupatana na tajiri wake juu ya mshahara. Habari za makuli wa bandari ya London zaeleza jinsi jambo hilo lilivyotokea.

Hapo kwanza sheria yenyewe ilikataza. Sheria za mwaka 1799 na 1800 ziliwazuia wafanya kazi wasiungane kudai nyongeza ya mshahara, na aliyezivunja aliweza kutiwa kifungoni. Zilifutwa mwaka 1824, lakini hatari haikuisha. Vibarua sita wa mashambani, katika kijiji cha Tolpuddle, walianzisha chama kwa sababu mshahara wao ulikuwa ukipunguzwa. Mwaka 1834 wakashtakiwa kwa kuapishana kiapo cha siri, wakahukumiwa kupelekwa Australia kwa miaka 7. Watu wengi walinung'unika, na mwaka 1836 wakasamehewa. Mwaka 1871 ndipo sheria ilipovikubali vyama waziwazi. Hata hivyo, wengi waliokuwa na vyama vyenye nguvu walikuwa mafundi. Kuli hakuwa na mtu wa kumsemea.

Maisha ya kuli yalikuwa hivi. Kila asubuhi watu walikusanyika mlangoni pa gati wakingoja mnyapara atoke. Yeye aliwachagua aliowataka, na wengine walisukumana na kupigana ili waonekane. Aliyechaguliwa aliweza kupewa kazi ya saa moja tu au mbili, kisha akaambiwa aende zake. Mshahara ulikuwa peni 5 kwa saa, na shilingi ya Kiingereza wakati huo ilikuwa na peni 12. Meneja wa gati ya Millwall alilieleza Bunge ya kuwa watu wengine walikuja kazini bila kula kitu tangu jana yake. Wakiisha kupata peni chache waliacha kazi wakanunue chakula, kwa kuwa njaa haikuwaruhusu kuendelea. Basi hasara haikuwa ya kuli peke yake, bali hata mwenye gati alipoteza kazi yake.

Katikati ya Agosti 1889 palitokea ugomvi juu ya fedha za ziada za kupakua meli moja, na makuli wakaweka kazi chini. Walimwendea Ben Tillett, aliyekuwa na chama kidogo, naye akasaidiwa na Tom Mann na John Burns. Madai yao yalikuwa machache na dhahiri: peni 6 kwa saa, peni 8 kwa saa za ziada, na kila aliyeandikwa kazi apewe isiyopungua saa nne. Wapakizi wenye ujuzi, ambao walikuwa na vyama vyao, waliwaunga mkono. Muda si mrefu watu wapatao 100,000 wakawa wamegoma, na meli zikasimama bandarini.

Kila siku waliandamana mjini kwa utaratibu, wakichukua juu ya vijiti vichwa vya samaki na vitunguu, ili watu waone chakula chao kilivyokuwa. Kwa kuwa hawakuvunja maduka wala kupiga watu, wenyeji wengi wa mji waliwahurumia. Lakini huruma haijazi tumbo. Kamati ya mgomo iligawa vyeti vya kununulia chakula, na fedha zilikuwa karibu kwisha. Ndipo msaada ulipofika kutoka Australia, zaidi ya pauni 30,000.

Hata hivyo fedha hazikumaliza shauri. Wenye magati walikubali kutoa peni 6, lakini kuanzia Januari 1890; makuli walitaka mapema zaidi. Pande zote mbili zilikuwa zimechoka, na hakuna aliyetaka kuonekana ameshindwa. Mpatanishi akawa Kadinali Manning, mzee wa miaka 81, aliyeaminiwa na wote. Alikwenda kwa wakurugenzi, akaenda pia kwa viongozi wa makuli, akawasihi wafikiri wake zao na watoto wao. Mwishowe walipatana mshahara mpya uanze tarehe 4 Novemba. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 14 Septemba, na kazi ikaanza tena tarehe 16.

Chama kidogo cha Tillett kikawa chama kikubwa cha maelfu ya watu. Faida kubwa ilikuwa hii: tangu hapo wenye magati walijua ni nani wa kuzungumza naye, na makuli walikuwa na viongozi wa kulinda ahadi waliyoitoa.

Bandari ya Mombasa nayo imeyaona mambo kama hayo. Huko pia makuli wengi waliandikwa kwa siku, wakaitwa vibarua. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa bandarini na wa kazi nyingine, waligoma karibu siku 12, na baadaye baraza la Jaji Thacker likachunguza mishahara yao. Makuli walipogoma tena Machi 1955, Tom Mboya aliwashauri warudi kazini ili shauri lao lisikizwe, na mishahara ikaongezwa.

Mgomo waweza kusimamisha meli, lakini hauwezi kuandika mapatano. Hayo huandikwa na watu walioketi pamoja, kila upande ukiwa na msemaji anayeaminiwa na wenzake.