MAJIRA YA MTIHANI KATIKA SHULE YA KANISA
Jinsi mtihani ulivyoanza, jinsi unavyoendeshwa, na mambo yawapasayo wazazi

Mvua za vuli zinapokaribia mwezi wa Oktoba, na kahawa inapoanza kuwa nyekundu mashambani katika Kenya ya kati, shule nazo huingia katika majira yao ya mavuno, yaani majira ya mtihani. Mtu apitaye asubuhi karibu na shule iliyojengwa kando ya kanisa huwakuta watoto wa darasa la mtihani wamekwisha fika, vitabu magotini, kila mmoja akidurusu kwa sauti ya chini. Wadogo wao wamekatazwa kucheza mpira karibu na madirisha. Hata mpishi huwa mwangalifu asigonge masufuria yake.

Wazazi wengi wajua ya kuwa mtihani upo, lakini si wote wajuao asili yake, wala jinsi unavyolindwa, wala kazi gani yawapasa wao wenyewe. Maelezo haya yameandikwa kwa ajili yao.

ASILI YA SHULE HIZI

Shule za kanisa katika Kenya zilianza na wamisheni. Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann wa Church Missionary Society walifungua kituo chao pale Rabai, karibu na Mombasa, mwaka wa 1846. Baadaye zikaja shule zilizopata sifa kubwa: Maseno mwaka wa 1906, Kabaa ya Wakatoliki mwaka wa 1925, na Alliance High School ya Kikuyu mwaka wa 1926. Mahali pengi nyumba moja ilifanya kazi mbili. Siku ya Jumapili ilikuwa kanisa, na siku nyingine za juma ilikuwa darasa. Katika nchi ya Wakikuyu Mkristo aliitwa muthomi, maana yake msomaji, kwa kuwa watu waliona dini na kusoma kuwa jambo moja.

Mwaka wa 1949 kamati iliyoongozwa na Archdeacon Leonard Beecher ilitoa mashauri yake juu ya elimu ya Waafrika. Masomo yakagawanywa mara tatu: miaka minne ya shule ya msingi, minne ya shule ya kati, na minne ya sekondari. Mwisho wa mwaka wa nne mtoto alifanya mtihani wa kuchagua wale watakaoendelea. Mwisho wa mwaka wa nane akafanya mwingine, ulioitwa kwa herufi zake KAPE. Mitihani hiyo ilikuwa kama chekecheke, kwa sababu nafasi za mbele zilikuwa chache sana kuliko watoto. Mtoto mdogo, ambaye bado hajajua vema kuandika barua kwa mjomba wake, aliweza kuambiwa ya kwamba masomo yake yamekwisha. Hapo ndipo hofu ya mtihani ilipoingia nyumbani kwa watu, na hata leo haijatoka.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, tume ya Profesa Simeon Ominde ya mwaka 1964 ilishauri masomo ya msingi yawe miaka saba. Mtihani wa darasa la saba ukaitwa CPE. Tangu mwaka wa 1985 miaka ikawa minane, na mtihani ukawa KCPE, ambao ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Sasa utaratibu umebadilika tena. Mtoto hupimwa mwisho wa mwaka wa sita kwa mtihani uitwao KPSEA, ulioanza mwaka wa 2022. Kisha hupimwa mwisho wa mwaka wa tisa kwa mtihani uitwao KJSEA, ambao ulifanywa mara ya kwanza mwaka wa 2025.

Shule zenyewe pia zilibadilika. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 uongozi wa shule ulitoka mikononi mwa misheni, na makanisa yakabaki kuwa wadhamini. Mdhamini haajiri walimu wa Serikali, wala hatungi mtihani. Kazi yake ni kushauri na kulinda mafundisho ya dini na tabia njema. Kwa hiyo mzazi asidhani ya kuwa padre au kasisi anaweza kumwongezea mtoto hata alama moja.

MAISHA YA SHULE WAKATI HUU

Katika majira ya mtihani kila mtu hupata kazi yake. Mwalimu mkuu huhakikisha majina ya watahiniwa, maana jina lililoandikwa vibaya wakati wa kujiandikisha laweza kumsumbua mtoto miaka mingi baadaye, atakapotafuta kitambulisho au kazi. Walimu hurudia masomo ya mwaka mzima. Mpishi hupika uji na githeri mapema, kwa sababu mtoto mwenye njaa husoma swali mara tatu asilielewe.

Nyumbani ndiko mahali pa shida zaidi. Oktoba hadi Desemba ndiyo miezi ya mavuno makubwa ya kahawa katika Kenya ya kati, na kila mkono hutakiwa shambani. Mvua ikinyesha, kuna kupanda na kupalilia. Mara nyingi msichana ndiye aitwaye kwanza: achote maji, abebe mdogo wake, awashe moto. Kaka yake hukaa na kitabu karibu na taa. Kisha matokeo yakija watu husema, “Wasichana hawana akili ya hesabu.” Hawakumpa muda wa hesabu, nao wanamlaumu kwa kukosa hesabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mzazi atakaye binti yake apite mtihani sharti ainame yeye mwenyewe achote ndoo mbili tatu kwa majuma machache.

SIKU YA MAOMBI

Kwa miaka mingi imekuwa desturi ya shule za kanisa kuwa na siku ya kuwaombea watahiniwa. Wazazi huja wamevaa nguo zao za Jumapili. Kasisi husema maneno ya kuwatia watoto moyo, kwaya huimba, na pengine penseli na rula huinuliwa juu ili zibarikiwe. Jambo hili lina faida yake. Mtoto aliyeona kijiji kizima kikisimama kwa ajili yake huingia chumba cha mtihani akiwa na moyo mtulivu.

Lakini mwaka wa 2016 Waziri wa Elimu, Dkt. Fred Matiang’i, alipiga marufuku siku za maombi na za kutembelea wanafunzi katika muhula wa tatu. Watu wengi walikasirika wakafikiri ya kuwa Serikali inapinga dini. Sababu haikuwa hiyo. Udanganyifu ulikuwa umezidi, hata mwezi wa Machi mwaka huo baraza zima lililosimamia mitihani lilivunjwa. Iligunduliwa ya kuwa watu wabaya waliweza kujificha katika mikutano ya aina hiyo ili wafikishe mashuleni vitu visivyofaa. Maombi yenyewe hayakukatazwa: mtoto huweza kuombewa nyumbani kwake, au kanisani Jumapili, au katika muhula wa kwanza na wa pili, bila kuvunja amri yo yote.

JARIBU LILILO KUBWA KULIKO MTIHANI

Hapa pana jambo ambalo wazee na walimu hawapendi kulitaja waziwazi. Tuchukue mfano. Juma moja kabla ya mtihani mtu mgeni afika kijijini. Asema ana rafiki mjini, na rafiki huyo anazo karatasi za maswali. Bei ni shilingi mia tano kwa kila mzazi, nazo karatasi zitaletwa kwa simu usiku. Wazazi wachanga fedha, kisha mzee wao aenda kwa mwalimu mkuu.

“Mwalimu,” asema mzee, “sisi tumekwisha changa. Kazi yako ni kufumba macho tu.”

“Mzee wangu,” ajibu mwalimu, “Jumapili iliyopita tulisimama pamoja tukawaombea watoto hawa. Je, tuliomba wafaulu, au tuliomba wasikamatwe?”

“Lakini shule ya ng’ambo ya mto wananunua. Watoto wetu watabaki nyuma.”

“Yawezekana. Lakini mtoto wako akijua leo ya kuwa wewe ulimnunulia majibu, kesho utamwambia nini juu ya kuiba?”

Mwalimu huyo amesema neno la kweli, tena lina sababu nyingine tatu. Ya kwanza, karatasi hizo mara nyingi ni za uongo. Mwuzaji huandika maswali yake mwenyewe, akapokea fedha, akatoweka. Na watoto waliokesha wakikariri majibu ya uongo huingia chumbani wakiwa wamechoka na kuchanganyikiwa. Ya pili, sheria ni kali. Kwa Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012, mtu apatikanaye na hatia ya kupata karatasi za mtihani na kuwafunulia wasioruhusiwa yaliyomo aweza kufungwa hadi miaka 10, au kutozwa faini hadi shilingi milioni 2, au vyote viwili. Ya tatu, matokeo yaweza kufutwa, na mtoto asiyejua lo lote juu ya fedha zilizochangwa akapoteza kazi yake pamoja na wenye hatia.

Kwa hiyo shule ya kanisa hupimwa mara mbili katika majira haya. Mtoto hupimwa kwa maswali yaliyoandikwa. Wakubwa wake hupimwa kwa lile swali la mgeni mwenye simu.

JINSI MTIHANI UNAVYOLINDWA

Mfano mzuri ni KCPE katika miaka yake ya mwisho. Karatasi zilihifadhiwa ndani ya makontena ya chuma yenye kufuli, yakilindwa na polisi. Asubuhi ya mtihani kontena lilifunguliwa mbele ya maofisa wa Serikali na wa elimu, na mwalimu mkuu wa kila shule, ambaye tangu mwaka wa 2016 alifanywa mwenye dhima ya kituo chake, akapokea mfuko wake uliotiwa lakiri. Akarudi nao akiwa pamoja na askari. Msimamizi hakuwa mwalimu wa shule ile, bali alitoka shule nyingine.

Kazi ilichukua siku tatu. Siku ya kwanza ilikuwa hesabu, kuanzia saa mbili u nusu hadi saa nne u nusu, kisha Kiingereza na insha yake. Siku ya pili ilikuwa sayansi, Kiswahili na insha ya Kiswahili. Siku ya tatu ilikuwa masomo ya jamii pamoja na dini, na hapo mtoto alijibu maswali 30 ya dini yake, ya Kikristo au ya Kiislamu au ya Kihindu. Hata katika shule ya kanisa mtoto Mwislamu alikuwa na haki ya kujibu maswali ya dini yake mwenyewe.

Utaratibu wa kuzilinda karatasi haukufa pamoja na KCPE. Mitihani iliyoifuata nayo hulindwa kwa makontena na askari.

MATOKEO YANA MAANA GANI?

Wazee waliosoma zamani hukumbuka mtihani mmoja uliokata njia ya mtu siku moja. Sasa hesabu si hiyo. Mtoto wa mwaka wa tisa alipopangiwa shule ya juu baada ya mtihani wa 2025, KJSEA ilihesabiwa sehemu 60 katika mia, KPSEA ya mwaka wa sita sehemu 20, na kazi alizofanya shuleni katika mwaka wa saba na wa nane sehemu 20. Maana yake ni kwamba sehemu 40 katika mia zilikuwa zimekwisha patikana, au zimekwisha potea, kabla mtoto hajaketi katika chumba cha mwisho. Mzazi anayemkumbuka mtoto mwezi wa Oktoba tu amechelewa.

Kwa sababu hiyo yafaa wazazi wayashike mambo haya:

1. Mtoto aende shule kila siku ya mwaka mzima, hata siku ya kuuza kahawa na siku ya soko.

2. Jina na tarehe ya kuzaliwa zihakikishwe mapema, zilingane na cheti cha kuzaliwa.

3. Kazi za nyumbani zigawanywe kwa haki kati ya wavulana na wasichana.

4. Usiku wa kabla ya mtihani mtoto alale mapema, na asubuhi apate chakula kabla ya kutoka.

5. Mtu ye yote anayeuza karatasi za mtihani apelekwe habari zake kwa mwalimu mkuu, kwa chifu au kwa polisi.

6. Matokeo yakiwa mabaya, mtoto asipigwe wala asiaibishwe mbele ya watu. Mzazi aende kwa mwalimu, waketi pamoja, wachague njia inayomfaa.

Mtihani ukiisha, watoto hukusanya penseli zao, hukumbatiana, na wengine hukimbia mvuani wakipiga kelele. Mpishi sasa aweza kugonga sufuria kama apendavyo. Jumapili ifuatayo watahiniwa huketi tena kanisani pamoja na wadogo zao. Hakuna ajuaye bado nani amepata alama ngapi. Lakini kila mmoja ajua kama majibu aliyoyaandika yalikuwa yake mwenyewe, na wazazi wake nao wajua.