Je, Wajua? Santuri ya Pili ya Binti wa Boyoma

• Je, wajua kwamba mashua ikitoka Kisangani ikashuka na maji, ikapita Yangambi na Isangi hadi Basoko, pale mto Aruwimi unapomwagika katika mto Congo, Kiswahili hupungua mdomoni mwa watu na Lingala hushika usukani? Tshopo, jimbo linalopitiwa na safari hiyo, ni la lugha mbili kuu, na binti wake maarufu katika muziki aliimba kwa zote mbili, akiongeza na Kifaransa.

• Binti huyo ni Abeti Masikini. Alizaliwa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, au Boyoma kwa wenyeji, tarehe 9 Novemba 1954, akapewa jina la Elisabeth Finant.

• Je, wajua kwamba baba yake, Jean-Pierre Finant, ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa serikali ya Jimbo la Mashariki? Alikuwa mfuasi wa Lumumba, akauawa Bakwanga Februari 1961. Abeti alikuwa na miaka 6.

• Mwaka 1971 alijitosa katika mashindano ya vipaji vipya mjini Kinshasa. Hakuwa wa kwanza, lakini sauti yake ilimvutia Mtogo mmoja, Gérard Akueson, aliyekuja kuwa meneja wake na baadaye mumewe.

• Je, wajua kwamba Februari 1973, akiwa na miaka 18 tu, alipanda jukwaa la Olympia, Paris? Mwaka uliofuata akaimba Carnegie Hall, New York.

• Santuri yake ya kwanza, ya 1973, ilitolewa na mbunifu wa mavazi Pierre Cardin. Tazama jalada: *Pierre Cardin présente Abeti*. Jina la mwenye mali limetangulia, la mwimbaji linafuata, kama mgeni anayetambulishwa kwa wakubwa.

• Septemba 1974 aliimba nyumbani, katika tamasha la Zaïre 74 mjini Kinshasa, jukwaa moja na James Brown, Miriam Makeba na Franco. Tamasha lilipangwa liende sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman, lakini Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, na ngumi zikasogezwa hadi 30 Oktoba. Muziki haukungoja.

• Je, wajua jina la santuri ya pili, ya 1975? *La Voix du Zaïre, Idole de l'Afrique*: sauti ya Zaire, kipenzi cha Afrika. Jina la Cardin halimo tena. Baada ya miaka miwili, msichana aliyetambulishwa na Mfaransa alikuwa anatambulishwa na nchi yake mwenyewe.

• Ndani yake mna “Likayabo”, na mna “Naliku Penda”, wimbo ambao msikilizaji wa Kisangani hauhitajii mkalimani. Mna pia “Ngoyaye Bella Bellow”, wimbo wa kumkumbuka mwimbaji wa Togo, Bella Bellow, aliyekufa katika ajali ya gari Desemba 1973. Marehemu naye alikuwa amesimamiwa na Akueson. Hapo ndipo ukomavu unaposikika: msanii wa miaka 20 hivi anatumia nafasi kwenye santuri yake kumlilia mwenzake, tena jina la mwenzake ndilo analoliweka kwenye wimbo.

• Je, wajua kwamba bendi yake, Les Redoutables, iligeuka chuo? Mbilia Bel alipita humo kabla ya kujiunga na Tabu Ley. Lokua Kanza alipiga gitaa humo.

• Kisangani haikuishia kwake: Koffi Olomide naye alizaliwa huko, mwaka 1956. Kijana wake wa bendi ya Quartier Latin, Fally Ipupa, alitoa albamu ya kwanza 2006 na ya pili 2009, akimshirikisha mwimbaji Olivia wa Marekani. Fally alitumia albamu ya pili kutoka nje. Abeti, ambaye santuri yake ya kwanza ilitoka nje, aliitumia ya pili kurudi nyumbani.

• Abeti alifariki Ufaransa tarehe 28 Septemba 1994, hajatimiza miaka 40. Ukitaka kumjua, anza na santuri ya pili.